Siku Kwa Ufupi Alipokataa Kumaliza Habari

Wiki iliyopita, msomaji wangu, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Sumbawanga ambaye sauti yake sikuwa nimeisikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikuwa sebuleni peke yangu. Mke wangu nilishamzika, binti yangu ninayeishi naye alikuwa bado kazini, na televisheni ilikuwa inatoa zile habari zake fupi, zile ambazo mtangazaji anaingia mbio, anasema vita, mafuriko, bei ya mafuta na matokeo ya mpira, kisha anatoweka kabla hujapata miwani yako. Siku hiyo alikuwa binti mdogo, mzuri, macho yanakimbia pembeni kila mara, bila shaka kwenye saa. Nilikuwa nikimwonea huruma simu ilipolia. "Mdogo wangu, ni mimi, yule wa maharage sokoni. Umenisahau?" Nikasema, "Shikamoo dada, nakusahauje wewe?" Akaitikia marahaba, akauliza afya yangu, akauliza watoto. Nikamuuliza, kama mtu yeyote anavyouliza akipigiwa simu na mtu wa zamani, "Kuna heri, dada?" Hakujibu. Badala yake akaniuliza, "Uko na nani hapo?" Nikamwambia niko peke yangu. Akasema, "Ahaa," kisha akaanza kunieleza habari za maharage.

Alinieleza habari za maharage mpaka nikachoka. Mwaka huu mvua imewahi, mbolea imechelewa, wadudu wameingia ghalani, vijana siku hizi wanachanganya maharage ya mwaka jana na ya mwaka huu na hawaoni haya. Akahamia kwenye baridi. Akanikumbusha jinsi nilivyofika Sumbawanga nikitokea Tanga na shati jepesi la mikono mifupi, meno yakigongana, na watu wa sokoni wakicheka. Mimi ni mzee mwenye hasira za karibu, siwafichi. Nilikuwa nasema moyoni, jamani huyu mama vocha kaokota wapi? Mara binti yangu akaingia, akabisha hodi kwa sauti yake kubwa. Yule mama akamsikia. "Huyo nani?" Nikasema ni mwanangu, amerudi. "Mwambie akae hapo karibu na wewe." Binti akakaa. Ndipo yule mama akasema, kwa sauti ile ile ya kuuzia maharage, "Mdogo wangu, Kwa Ufupi ametutoka. Leo asubuhi. Pole sana." Nikashika mkono wa mwanangu bila kujua nimeushika.

Jina alilopewa na wazazi wake silitaji. Mwenyewe hakulipenda litajwe hovyo, na mjini hapakuwa na mtu aliyelitumia. Aliitwa Kwa Ufupi kwa sababu kila siku mchana, jua likiwa utosini, sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa iliyofungwa juu ya paa la ofisi yetu kando ya soko na kusema, "Ndugu wananchi, hizi ni habari kwa ufupi." Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Televisheni huku bara hatukuwa nayo. Tulisikia tu kwamba iko nchi za watu. Redio walikuwa nazo wachache, na mawe yake ya betri yalikuwa yakiadimika madukani kama sabuni. Basi ofisi yetu ya habari ikaamua kwamba wananchi wa Sumbawanga nao wapate habari, papo hapo, kwa sauti ya mtu aliye mbele yao. Mtu huyo akawa yeye. Alitoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwanamke mrefu kupita wanaume wengi wa ofisini, na hilo liliwapa watani wa soko la kusema: "Kwa Ufupi mwenyewe hana ufupi popote." Alikuwa akicheka kidogo, kwa pua tu, kisha anaendelea na njia yake.

Mimi kazi yangu ilikuwa nyaya. Nawaomba mnielewe vizuri hapa, maana ndipo ilipo siri ya ufupi wenyewe. Umeme wa kutegemea haukuwepo, na jenereta tuliyoahidiwa iliendelea kuwa ahadi. Spika ile ilikuwa inakula betri ya gari, na gari lilikuwa moja tu, Landrova ya bwana mkubwa wetu. Mchana akirudi kula, mimi nafungua boneti, naunganisha nyaya zangu mbili, nazipitisha dirishani mpaka kwenye kipaza sauti cha Kwa Ufupi. Habari zikiwa fupi, gari linawaka. Zikizidi kidogo, gari linakohoa. Zikizidi sana, bwana mkubwa na makarani wake wote wanatoka nje kusukuma mbele ya soko zima, na wauza nyanya wanapiga makofi. Ilitokea mara moja, siku alipokuja mgeni kutoka makao makuu akaomba kutoa neno moja, na lile neno moja likazaa wajukuu. Tulisukuma mpaka karibu na mtaa wa Majengo. Tangu hapo bwana mkubwa akawa akimpitia Kwa Ufupi kila mchana, anamwambia, "Mama, ukizidisha, tutasukuma." Naye anajibu, "Sitazidisha, mzee." Alimwita mzee ingawa umri wao ulikuwa mmoja, kwa ajili ya cheo.

Watu hudhani kusoma habari fupi ni kazi nyepesi. Nyepesi kwa anayesikiliza! Asubuhi alikuwa anainamia redio ya ofisi sikio moja, anaandika kwa mkono huku inakatikakatika, kisha anakata, anakata tena, mpaka hotuba nzima inabaki sentensi moja. Bwana mkubwa anaipitisha dakika ya mwisho, tena kwa kalamu yenye wino mzito. Na akishaanza, ameanza. Hakuna kurudia, hakuna kufuta, hakuna kukohoa. Upepo wa nyanda za Ufipa nao unachukua nusu ya maneno unayapeleka kwingine, kwa hiyo kila neno ilibidi lisimame lenyewe. Siku moja ulimi wake uliteleza, akasema mbolea itagawiwa kesho badala ya keshokutwa. Kesho yake uwanja ulijaa mikokoteni ya ng'ombe kutoka vijiji vya mbali, watu wamejifunika mablanketi, na mbolea hakuna. Hawakumtukana. Mzee mmoja alikuja dirishani, akavua kofia, akamwamkia kwa adabu, akasema, "Mama, tumekuja kama ulivyosema." Basi. Walilala pale pale kwenye baridi ile. Kwa Ufupi akawapikia uji kwa unga wake mwenyewe, na jioni nilimkuta amekaa nyuma ya ofisi anatazama mikono yake. Nikamwambia kila mtu hukosea. Akaniambia, "Wewe ukikosea wanajua wawili. Mimi nikikosea wanalala nje."

Lakini kilichomla hakikuwa makosa. Mwisho wa habari zile palikuwa na matangazo ya vifo. Fulani wa kijiji fulani amefariki, mazishi siku fulani, habari iwafikie ndugu zake popote walipo. Ninyi mnajua kwetu habari ya msiba inavyofikishwa. Anatumwa mtu mzima. Anafika, anakaa, anaomba maji ya kunywa, anauliza mazao na watoto, huku wanawake wawili watatu wanasogea kimya kimya nyuma ya mfiwa. Wakishakuwa karibu, ndipo linasemwa. Kwa Ufupi aliweka sharti lake mwenyewe, na bwana mkubwa hakulipenda: hasomi kifo chochote kama wafiwa wa mjini hawajafikiwa kwanza na mtu. Na mara nyingi hakupatikana mtu wa kwenda, kwa hiyo alikwenda yeye. Jioni, baada ya kazi, mrefu, khanga mabegani, unamwona anakata mtaa. Mwaka haukuisha, mji mzima ukawa umejifunza kwamba Kwa Ufupi akikujia nyumbani, kuna mtu wako hayupo.

Hapo ndipo upweke wake ulipoanzia. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Chanji. Siku moja alikwenda nyumba ya pili kuomba chumvi, na kabla hajafungua mdomo mama wa nyumba akaangusha sufuria, akaanza kulia akitaja majina ya wanawe mmoja mmoja. Ilichukua muda kumtuliza. Chumvi alipewa, lakini mlangoni, bila kukaribishwa kuketi. Kutoka siku ile Kwa Ufupi akawa na mtindo wake: akitaka kwenda kwa mtu, anasimama mbali barabarani, anaweka mikono mdomoni, anapaza sauti, "Heri jamani, heri! Nimefuata chumvi tu!" Watoto walikuwa wakimwigiza. Mimi pia nilicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha mpaka ulifikirie. Harusini hakualikwa. Mtoto akizaliwa, walimtumia salamu, wakamwambia asijisumbue kufika. Kila mchana alikuwa akituita ndugu wananchi, na katika miaka ile kila mtu alikuwa ndugu, karani ndugu, polisi ndugu, hata aliyekukanyaga mguu kwenye foleni ya sukari alikuwa ndugu. Na yeye, aliyelitamka neno hilo kuliko sisi sote, alikuwa akila ugali wake peke yake na mlango umefungwa. Inaniuma mpaka leo ninapoandika.

Nyumba moja tu ndiyo aliyoweza kuingia bila kupaza sauti barabarani. Ilikuwa ya yule mama wa maharage. Meza yake ilikuwa sokoni, mkabala na dirisha letu kabisa, na kwake palikuwa hatua chache kutoka chumba cha Kwa Ufupi. Mara ya kwanza Kwa Ufupi aliposimama njiani na kuanza heri zake, mama yule alitoka akiwa ameshika mwiko, akamkaripia: "Unapiga kelele za nini kama mnadi? Pita ndani, chumvi ipo!" Wakawa marafiki. Mume wa yule mama alikuwa mtu wa Mwazye, mpole, mchekeshaji, anayekwenda na malori kununua maharage vijijini. Jioni wakila, Kwa Ufupi alikuwepo. Na mchana, habari zikianza, mama wa maharage alikuwa anaacha kupima, anaweka kopo lake juu ya gunia, anasikiliza mpaka "mwisho wa habari," hata kama mteja amesimama na kikapu. Mteja akilalamika, anaambiwa, "Ngoja, rafiki yangu anasema." Hakuwahi kuondoka kabla hazijaisha. Alidai kumwacha mtu anaongea ukageuza mgongo ni utovu wa adabu, hata kama anaongea kwa spika.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa msimu wa baridi, upepo unapasua midomo. Nimeshaunganisha nyaya zangu, Kwa Ufupi ameshaanza, yuko kwenye habari ya pili au ya tatu. Bwana mkubwa akaingia kwa haraka kutoka kituo cha polisi, ambako ilipokelewa simu ya upepo, akaweka kikaratasi mbele ya Kwa Ufupi na kukigonga kwa kidole: isome. Lori la maharage limepinduka njia ya Mwazye. Amekufa mtu mmoja, na jina lake lilikuwa limeandikwa pale. Alikuwa mume wa mama wa maharage. Bwana mkubwa hakuwa mtu mbaya. Hakujua jina lile ni la nani, yeye aliona habari mpya ya kuwahi. Kwa Ufupi macho yake yalishuka kwenye kikaratasi huku mdomo wake unaendelea na habari za pamba, na sauti haikutikisika hata kidogo. Kisha akainua macho, akatazama dirishani. Mama wa maharage alikuwa palepale, kopo juu ya gunia, kichwa amekiinamisha upande anasikiliza. Asubuhi ile alikuwa amenipigia kelele kwa furaha kwamba mzee wake anarudi leo na kwamba habari zikiisha tu anakwenda kumpokea stendi ya malori.

Na stendi ya malori walikwishajua. Madereva wawili waliopita njia ile walikuwa wamefika, nilisikia baadaye. Kwa hiyo yaone mwenyewe aliyoyaona yeye kwa kufumba na kufumbua. Akisoma, rafiki yake anapata habari ya mumewe kutoka kwenye paa la nyumba. Akinyamaza na kumaliza habari, rafiki yake anasimama, anajifunga khanga, anakwenda stendi kupokewa na midomo ya makuli. Akiacha kipaza sauti na kumwendea mwenyewe, soko zima linajua mwendo ule maana yake nini. Mama wa watu ataanguka kabla hajafikiwa. Kilichobaki ni kimoja. Aligeuza kile kikaratasi, akaandika nyuma yake bila kuacha kusoma, akanisukumia: *Kaka wa mume, fundi cherehani, Majengo. Aje na wanawake.* Nikatoka mbio. Nyuma yangu nikasikia sauti yake ikifika mwisho wa habari, na haikusema mwisho wa habari. Ilisema, "Ndugu wananchi, leo kuna baridi, au ni mimi tu wa ziwani?"

Nilikimbia mpaka Majengo na sauti ile inanifuata na upepo. Ilikuwa ikiwaeleza watu jinsi alivyopanda kutoka ziwani mara ya kwanza, akalala na mablanketi mawili na gunia juu, asubuhi wenyeji wakamkuta wakadhani ni mzigo wa posta. Soko likacheka, nilisikia kicheko chao kutoka kule nilikokuwa. Nikamkuta fundi barazani pa duka la nguo, mguu uko kwenye cherehani. Nilimwamkia, shikamoo, nikasema, "Kwa Ufupi anakuita." Nilikuwa kijana, sikuwa na namna nyingine ya kulisema. Aliweka mkasi chini taratibu. "Nani?" Nikamwambia, mdogo wako. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Mke wake amejua?" Nikasema, "Bado. Anasikiliza habari." Akasimama, akafunga cherehani chake kwa kifuniko cha mbao, akamwita mkewe na majirani wawili wanawake, nasi tukashika njia. Hakukimbia. Alisema tukikimbia tutaonekana.

Njiani ile sauti bado ilikuwa inasema. Jamani, yule mwanamke aliyekuwa akiipunguza hotuba nzima kuwa mstari mmoja! Aliwaeleza jinsi ya kuhifadhi maharage kwa majivu. Akawauliza walioleta vitunguu wainue mikono, akawahesabu kwa sauti, akakosea makusudi ili wambishie. Akatangaza kwamba bwana mkubwa yuko hapa dirishani anamkunjia ndita kwa ajili ya betri, na kwamba leo atasukuma. Watu wakashangilia. Makarani walinieleza baadaye kwamba bwana mkubwa alikuwa anampigia ishara ya kukata shingo, macho mekundu, jasho linamtoka kwenye baridi. Naye anaendelea, jicho haliondoki kwenye meza moja. Nilipoingia sokoni nyuma ya fundi na wale wanawake nilimwona mama wa maharage. Alikuwa anacheka kuliko wote, ameshika mbavu, machozi yanamtoka, anamgonga gonga mwenzake begani, "Leo rafiki yangu kalewa! Leo kapatwa na nini?" Spika ilikuwa imeanza kufifia, betri inakwisha, maneno yanatoka madogo madogo kutoka juu. Kwa Ufupi akaona khanga za wale wanawake zimefika nyuma ya rafiki yake. Midomo yake ikasema jambo moja la mwisho dirishani, lakini hakuna aliyelisikia. Betri ilikuwa imekwisha. Yule fundi, shemeji yake, akakaa juu ya gunia. Akaomba maji ya kunywa.

Gari halikuwaka, ndiyo. Bwana mkubwa alisukuma, nasi tukasukuma, na wauza nyanya hawakupiga makofi siku hiyo. Walikuja kusukuma pia. Alimkaripia Kwa Ufupi mbele yetu kwamba amekigeuza chombo cha umma kuwa ngoma ya mdundiko. Yeye alisema tu, "Nisamehe, mzee." Lakini karipio hilo halikumgusa. Lililomgusa lilikuja baada ya matanga. Walipokwishazika kule Mwazye na mjane akarejea mjini, Kwa Ufupi aliniomba nimsindikize. Kwenye nyumba ile ile aliyozoea kupita bila hodi, alisimama mlangoni. Mama wa maharage alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakumkaribisha. Akamuuliza, "Ulijua?" Kwa Ufupi akasema, "Nilijua." "Tangu lini?" "Tangu habari za pamba." Mama akatikisa kichwa. "Na ukanichekesha." "Ndiyo." "Watu wote wameniona. Mume wangu amelala porini kafunikwa turubai, na mimi nacheka sokoni mpaka machozi. Na aliyenichekesha ni wewe." Nilitaka kumsemea, akanishika mkono. Tukarudi, na nilipomfikisha kwake alifunga mlango bila kuwasha taa.

Mama wa maharage alihamisha meza yake upande wa pili wa soko, ambako dirisha letu halionekani. Kwa Ufupi aliendelea kusoma kila mchana, kwa ufupi, bila kuzidisha hata pumzi, na alipomaliza alikuwa anatazama pale mahali palipobaki wazi, kisha anavua miwani. Alikuwa hana tena nyumba ya kuingia. Muda si mrefu mimi nikahamishwa, nikaenda na dunia yangu, kazi, ndoa, watoto, magazeti. Tuliandikiana salamu za sikukuu, baadaye tukapigiana simu mara moja moja. Hakuwahi kumtaja rafiki yake, nami sikuuliza. Niliamini, msomaji wangu, na nilihuzunika kuamini hivyo, kwamba mwanamke yule alizeeka Chanji peke yake kwa sababu ya wema alioufanya mbele ya macho ya watu wote na usieleweke.

Ndiyo maana siku ya pili baada ya ile simu nilimpigia mama wa maharage. Nilitaka kujua mazishi yamekwendaje, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kujua imekuwaje yeye ndiye aliyenipigia. Akaniambia amemuuguza mwenyewe, mwaka mzima, nyumbani kwake. Akasema, "Nilikasirika miaka mingi, mdogo wangu. Nisikudanganye. Kisha akafa dada yangu mkubwa, na mimi nikaletewa habari na kijana mmoja wa baiskeli, hata hakushuka. Aliweka mguu mmoja chini akasema dada yako amekufa, akaondoka. Nilianguka peke yangu uani, hakuna wa kunishika, kuku wananizunguka. Nilipoinuka ndipo nikakumbuka yale majivu, na vile vitunguu, na ule mzigo wa posta." Jioni ile ile, alisema, alisikia mtu barabarani, sauti imezeeka lakini ni ile ile, inapaza, "Heri jamani, heri! Nimekuja kutoa pole tu!" Naye akatoka mlangoni, akasema, "Pita ndani. Chumvi ipo." Wakalia mpaka chakula kikaungua.

Nilimuuliza, nikijifanya natania, mbona juzi alinichosha kwa habari za maharage na mbolea. Akashangaa kwamba nauliza. "Si uliniambia uko peke yako? Habari ile haisomwi kwa mtu aliye peke yake. Nilikuwa nangoja mtu aingie. Kama angechelewa, ningekueleza na habari za kuku."

Tangu hapo nimekuwa nikitafakari. Kufupisha tumekuweza. Binti yule wa televisheni anafupisha vizuri, na simlaumu; naye ana betri yake mahali fulani inayokwisha na bwana mkubwa anayemkata shingo kwa ishara. Simu zetu zinatuletea vifo vya watu wetu tukiwa kwenye foleni ya benki, kwa herufi chache na picha ya mshumaa, na anayetuma amekwishaendelea na mengine. Sisemi turudi kwenye spika ya juu ya paa. Nasema tu kwamba habari fupi ni ya watu wengi, na mtu mmoja ana haki ya kupewa habari ndefu. Aliyenifundisha hilo alilipa bei yake kwa miaka ya kula peke yake, na hakuomba kurudishiwa.

Bwana mkubwa wetu wa zamani bado yuko hai. Ni mzee sana sasa, anaishi mkoa mwingine, wanawe wametawanyika. Ilibidi ajue. Juzi nikampigia, nikamwamkia, akanitambua mara moja na kufurahi. "Kuna heri?" akauliza. Sikujibu. Nikamuuliza, "Mzee, uko na nani hapo?" Akasema yuko peke yake, mjukuu wake ametoka kidogo kwenda dukani, atarudi. Nikavuta kiti changu, nikakaa vizuri, nikamwambia, "Mzee, hebu nikumbushe. Ile Landrova yetu, ile siku ya kwanza, tuliisukuma mpaka wapi?"